Maumivu ya Ghafla ya Kifua Wakati wa Kusubiri Miadi ya Daktari Bingwa wa Moyo

Barua ya rufaa ikishapigwa mhuri na tarehe ya kumwona daktari bingwa wa moyo ikishaandikwa kwenye kadi, wagonjwa wengi huondoka hospitalini wakiamini kuwa kazi iliyobaki ni kuisubiri siku hiyo. Yaweza kuwa wiki mbili mbele, yaweza pia kuwa miezi miwili. Katikati ya kipindi hicho ndipo kifua hubana ghafla usiku wa manane, na mgonjwa huwaambia watu wa nyumbani: "Tulieni, mimi nimeshapangiwa tarehe." Kauli hiyo imezoeleka mno, na ni ya hatari.

Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ilipangwa kulingana na hali ya mgonjwa siku alipochunguzwa. Hali ikibadilika, tarehe ile haimfungi tena. Mgonjwa hakuambiwa avumilie maumivu yoyote yatakayotokea hadi siku ya kliniki. Anaweza, na anapaswa, kurudi katika kituo cha kutolea huduma siku yoyote na saa yoyote maumivu yanapokuwa mapya au makali zaidi. Daktari akimwona na kuridhika kuwa hali imebadilika, rufaa ya kawaida hugeuzwa kuwa rufaa ya dharura, na mgonjwa husafirishwa bila kungoja zamu yake.

Ili kuelewa kwa nini muda una uzito mkubwa hivyo, inafaa kujua kinachotokea ndani ya kifua. Moyo ni msuli, na kama misuli mingine unahitaji damu ya kuulisha, ambayo huipata kupitia mishipa yake yenyewe. Mishipa hiyo ikianza kuziba kwa mafuta yanayojijenga kwenye kuta zake kwa miaka mingi, damu hupita kwa shida. Mtu akiwa ametulia hasikii lolote. Akipanda mlima, akibeba ndoo au akigombana na jirani, moyo huhitaji damu zaidi, mishipa haimudu, na kifua hubana. Akipumzika, maumivu huondoka baada ya dakika chache. Wataalamu huyaita maumivu hayo anjaina. Hatari hugeuka kuwa kubwa pale utando wa mafuta hayo unapopasuka, damu ikaganda juu yake na kuuziba mshipa kabisa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Sehemu ya msuli iliyonyimwa damu huanza kufa ndani ya muda usiozidi saa moja, na msuli wa moyo ukishakufa hauoti upya. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda zipo, lakini manufaa yake hupungua kwa kila saa inayopita, na baada ya saa 12 kwa kawaida huwa madogo sana.

Maumivu ya kukimbilia hospitali

Maumivu ya moyo mara nyingi hayafanani na kuchomwa na mwiba. Wagonjwa huyaeleza kuwa ni uzito, kama gunia lililowekwa kifuani, au mkandamizo katikati ya kifua. Huweza kusambaa kwenye bega na mkono, hasa wa kushoto, shingoni, kwenye taya au mgongoni. Jasho jembamba, kichefuchefu, kuishiwa pumzi na kizunguzungu huongeza shaka. Wanawake, wazee na wenye kisukari huweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali ya kifua: huchoka ghafla bila sababu, huhema, au hulalamikia tumbo la juu. Ndiyo maana mama wa makamo anayesema "leo sijielewi, nimeishiwa nguvu" huku akitokwa jasho hapaswi kupewa chai ya tangawizi na kuambiwa akalale.

Kwa mtu ambaye tayari anasubiri miadi, swali la kujiuliza ni hili: maumivu haya ni yale yale aliyoyazoea, au yamebadilika? Yakija kwa kazi ile ile na kuondoka baada ya kupumzika kama ilivyokuwa siku alipopewa rufaa, aendelee na maelekezo aliyopewa na kuyaweka kwenye kumbukumbu zake. Yakianza kuja akiwa ameketi, yakimwamsha usingizini, yakija mara nyingi zaidi au kwa kazi ndogo kuliko zamani, aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama kwa wakati huo yameshaacha. Na yakidumu zaidi ya dakika 10 pamoja na kupumzika, au yakiambatana na jasho, kuhema au kuzimia, hiyo ni dharura ya dakika hiyo.

Ni kweli kwamba si kila maumivu ya kifua hutoka kwenye moyo. Kiungulia, vidonda vya tumbo, nimonia, kifua kikuu, misuli iliyovutika shambani, hata hofu kubwa, vyote huweza kukibana kifua. Lakini mtu aliye nyumbani hana kifaa cha kutofautisha, na neno "gesi tu" limewachelewesha wengi. Afadhali kurudi nyumbani baada ya vipimo na kuambiwa kuwa ilikuwa kiungulia.

Dakika za kwanza

Mgonjwa aache mara moja anachofanya na aketi. Mkao mzuri ni sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta na magoti yakiwa yamekunjwa. Akizimia hataanguka kutoka juu. Nguo na mkanda vilegezwe, dirisha lifunguliwe, watu wapunguzwe chumbani. Asipewe chakula wala soda. Asitembezwe "ili damu izunguke", jambo linaloonekana la hekima lakini linauongezea kazi moyo uliokwisha kuelemewa.

Aliyeandikiwa na daktari dawa ya kuweka chini ya ulimi aitumie akiwa ameketi, kwa kuwa hushusha presha na huweza kuleta kizunguzungu. Ikipita dakika 5 maumivu yasipopungua, safari ya hospitali ianze. Hapa kuna jambo ambalo wanaume wengi huona haya kulitaja: aliyetumia dawa za kuongeza nguvu za kiume ndani ya saa 24, na kwa baadhi ya dawa hizo saa 48, asitumie kabisa dawa hiyo ya chini ya ulimi, kwani zikikutana presha huweza kuporomoka kiasi cha kuua. Amwambie mhudumu wazi. Wahudumu wa afya wameyasikia mengi na wanalazimika kutunza siri.

Aspirini inasaidia iwapo dalili ni za shambulio la moyo. Kipimo cha mtu mzima ni miligramu 300, yaani kidonge kimoja cha ukubwa huo au vidogo vinne vya miligramu 75, vitafunwe badala ya kumezwa vizima ili vifanye kazi haraka. Haifai kwa mwenye mzio wa aspirini, mwenye pumu inayochochewa na dawa hiyo, anayetapika damu au kupata choo cheusi, wala kwa mtu aliyepooza upande mmoja au kupotewa na maneno ghafla, kwa kuwa huenda anavuja damu kwenye ubongo. Kukiwa na shaka, aspirini iachwe na safari ianze. Kidonge kisitafutwe duka hadi duka huku mgonjwa akisubiri.

Upo ujumbe unaosambazwa kwenye simu kila baada ya muda, ukidai kuwa anayepatwa na shambulio la moyo akiwa peke yake ajiokoe kwa kukohoa kwa nguvu. Usitegemewe. Dakika za kukohoa ndizo dakika za kupiga simu na kufungua mlango ili jirani aweze kuingia.

Mgonjwa akipoteza fahamu, asipoitika na asipopumua kawaida, alazwe chali mahali pagumu. Mtu mmoja aweke kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, mikono ikiwa imenyooka, akandamize kwa kina cha sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akiacha kifua kiinuke kila baada ya kukandamiza. Kazi hiyo huchosha haraka, kwa hiyo waliopo wapokezane kila dakika 2 bila kuacha pengo. Asiyewahi kufundishwa naye afanye; moyo uliosimama hauwezi kudhuriwa zaidi ya hapo.

Chombo cha usafiri

Katika kata nyingi, kikwazo kikubwa usiku ni gari, na gari halitafutwi vizuri saa 8 usiku. Familia yenye mgonjwa anayesubiri miadi ya moyo izungumze mapema na mwenye gari au bajaji aliye karibu, wakubaliane bei na namba ya simu atakayoipokea usiku. Namba ya kituo cha afya au ya hospitali ya halmashauri iandikwe kwa herufi kubwa ukutani, si kwenye simu ya mgonjwa peke yake ambayo watoto hawajui kuifungua. Mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii nao wajulishwe kuwa nyumba hiyo ina mgonjwa wa namna hiyo. Wananchi wazingatie kuwa namba 115 ya mfumo wa M-mama iliwekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Mgonjwa asiendeshe chombo mwenyewe. Bodaboda nayo si salama kwake, kwa sababu akizimia ataanguka. Pale ambapo hakuna chombo kingine, kituo kipigiwe simu kwanza ili wahudumu washauri, au kama gari la wagonjwa lipo, litoke kukutana naye njiani.

Dharura haihitaji barua ya rufaa. Kama hospitali ya halmashauri iko ndani ya umbali unaofikika, mgonjwa apelekwe huko moja kwa moja, kwa kuwa ndiko uwezekano wa kupata kipimo cha mfumo wa umeme wa moyo, ambacho wahudumu hukiita ECG, ulipo mkubwa zaidi. Kama ni mbali, kituo cha karibu kimpokee, kimpe huduma ya kwanza na kumsafirisha. Kipimo hicho kikitoka kizuri mara ya kwanza wakati maumivu bado yanaendelea, ndugu wasiharakishe kumchukua mgonjwa wao. Mara nyingi hurudiwa baada ya muda, kwa sababu mabadiliko huweza kuchelewa kuonekana.

Siku za kusubiri

Kitu chenye thamani kubwa ambacho mgonjwa anaweza kukiandaa ni daftari la kawaida la shule. Kila kifua kinapobana aandike siku, saa, alichokuwa akifanya, maumivu yalidumu dakika ngapi, yalisambaa wapi, na nini kilichoyaondoa. Kwa mfano: "Jumanne, saa 1 asubuhi, nilikuwa nabeba ndoo mbili kutoka bombani. Kifua kilibana kama dakika 4, nikaketi kikaachia." Mistari kumi ya namna hiyo humsaidia daktari bingwa kuliko mgonjwa anayesema "huwa kinauma uma", maana uamuzi wa vipimo vya kuanza navyo hutegemea sana maelezo hayo. Asiyejua kuandika amwombe mtoto au mjukuu. Vipimo vya presha, na vya sukari kwa wenye kisukari, viandikwe humo humo.

Dawa za presha, sukari na moyo zisikatizwe kwa kuwa mgonjwa anajisikia vizuri, wala zisibadilishwe kwa dawa za mitishamba. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa dukani kama peremende, huongeza hatari kwa mwenye tatizo la moyo. Asizitumie bila kumwuliza daktari. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mmoja, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye dagaa wakavu na viungo vya paketi. Sigara na ugoro viachwe sasa, si baada ya kliniki. Kazi nyepesi zinaruhusiwa kama hazileti maumivu; kubeba mizigo mizito na kulima mara baada ya kushiba kwaweza kungoja, na vijana wa nyumbani wapo.

Inafaa pia kuulizia kama kuna njia ya karibu zaidi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, hupeleka wataalamu wake mikoani kwa utaratibu wa tiba mkoba, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma na Bugando ya Mwanza nazo zina huduma za moyo. Mgonjwa aliyepewa tarehe ya mbali aulize katika ofisi ya rufaa ya hospitali iliyomwandikia kama kambi ya madaktari bingwa inatarajiwa mkoani, lakini asiache miadi aliyonayo kabla ya kupata uhakika.

Siku ya safari mgonjwa achukue barua ya rufaa, kadi ya bima kama anayo, majibu yote ya vipimo vya awali, daftari lake, na dawa zenyewe zikiwa kwenye paketi zake. Aliyewahi kukimbizwa hospitali katikati ya kipindi cha kusubiri aombe muhtasari wa matibabu ya siku hiyo kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, pamoja na nakala ya karatasi ya ECG. Baadhi ya karatasi hizo huchapishwa kwa wino unaofifia kwa joto na mwanga, hivyo zitolewe fotokopi mapema na kuhifadhiwa ndani ya bahasha.