Kipimo Kimoja kwa Wote? Haki na Uwiano katika Udhibiti wa Mashirika Madogo ya Ndege

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kukutana na ndege mahali alipozoea kukutana na tenzi na ngeli za nomino. Hata hivyo, suala ninalodhamiria kulieleza katika makala haya ni la maana ya maneno kabla halijawa suala la injini. Kanuni za usalama wa safari za ndege husifiwa kwa kuwa ni sawa kwa wote. Je, kilicho sawa kwa wote ni haki kwa wote? Kiswahili kinatupa maneno matatu ya kulijibia swali hili. Usawa ni kumpimia kila mmoja kwa pishi lile lile. Haki ni kumpa kila mmoja anachostahili. Uwiano nao, ambao ndio kiini cha mjadala huu, ni kulinganisha uzito wa sharti na ukubwa wa hatari ambayo sharti hilo limewekwa kuizuia.

Tuutazame uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, unaobeba jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mnamo 1929. Ndege ndogo ziondokazo hapo huwapeleka watalii Maasai Mara, hupeleka miraa Somalia, na huwachukua wagonjwa mahututi kutoka maeneo yasiyo na hospitali kubwa, kazi ambayo madaktari wa AMREF waliianza mwaka wa 1957. Shirika la namna hii laweza kuwa na ndege mbili tu na marubani wachache. Ili lipate cheti, aghalabu hutakiwa liwe na meneja mwajibikaji, mkuu wa safari, mkuu wa matengenezo, msimamizi wa usalama na msimamizi wa ubora, kila mmoja na miongozo yake iliyoandikwa na kuidhinishwa. Kwa shirika lenye ndege arubaini hizo ni idara. Kwa shirika lenye ndege mbili, aliyeshika kalamu ya miongozo ni yule yule anayetarajiwa kushika usukani kesho alfajiri, na kila saa anayoitumia kuandika anaiondoa katika mapumziko yake au katika kuwafunza wenzake. Sharti lililokusudiwa kuongeza usalama laweza basi kuupunguza.

Watunga kanuni wa kimataifa hawakulifumbia macho jambo hili. Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho kilianza kutumika mwaka wa 2013, kinataka mfumo wa kusimamia usalama ulingane na ukubwa wa shirika na ugumu wa shughuli zake. Kwa mintarafu hii, mkaguzi anaweza kukubali nyadhifa mbili zishikwe na mtu mmoja, au mwongozo wa kurasa mia tano uwe wa kurasa hamsini, mradi kazi yenyewe ifanyike.

Hata hivyo, uwiano una upande wa pili ambao watetezi wa mashirika madogo hawapendi sana kuutaja. Kwa miaka mingi uzani wa kilo 5,700 umekuwa mpaka mkubwa katika kanuni hizi. Masharti kamili ya vinasa vya safari, vile ambavyo watu huviita visanduku vyeusi, yamewekewa hasa ndege zinazozidi uzani huo. Zilizo chini yake, hususan za miundo ya zamani, zimepunguziwa mzigo. Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayotumika sana nchini mwetu, huwa na takriban kilo 4,000 inapopaa ikiwa imejaa. Mnamo Juni 2018 ndege ya aina hiyo iliyokuwa ikitoka Kitale kuelekea Nairobi ilianguka katika milima ya Nyandarua, na watu wote 10 waliokuwamo wakafariki. Mabaki yalipatikana baada ya siku mbili. Wafiwa wa ndege ya kilo 4,000 huuliza swali lile lile wanalouliza wafiwa wa ndege ya kilo 70,000. Kwa maoni yangu, uwiano unaostahili kutetewa ni ule unaopunguza makaratasi, si ule unaopunguza uwezekano wa kujua kilichowaua watu.

Uwiano huweza kuvunjwa pia kwa kuwaadhibu wengi kwa pamoja. Mnamo Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaingiza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuhudumu katika anga ya Umoja wa Ulaya. Sababu iliyotolewa ilihusu upungufu katika usimamizi wa mamlaka ya nchi. Shirika dogo linalowavusha watalii kutoka Arusha hadi Serengeti, au kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, halikuwa na nia ya kutua Paris wala Roma. Lakini abiria wake wengi huuziwa safari na mawakala wa huko huko Ulaya, na wakala akishaiona orodha hiyo haulizi ni nani hasa aliyekosea. Ni kweli kwamba cheti hakiwezi kuaminika kuliko mkono uliokitia sahihi, na hoja hiyo ya Ulaya si nyepesi. Ila aliyefanya matengenezo yake ipasavyo hakuachiwa njia ya haraka ya kujitenga na aliyezembea.

Linganisha na yaliyotokea Kenya mnamo Novemba 2019. Baada ya mikasa kadhaa, ukiwamo ule wa gurudumu kuchomoka ndege ilipopaa kutoka Lodwar, halmashauri yetu ya usafiri wa ndege, KCAA, ilisimamisha kwa siku saba safari za ndege aina ya Dash 8 za kampuni ya Silverstone Air ili zikaguliwe. Hatua hiyo ililenga kampuni moja na aina moja ya ndege, tena kwa muda uliotajwa. Mtu anaweza kudai kwamba siku saba zilikuwa chache au nyingi, lakini angalau alikuwa na kipimo cha kubishania.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa na maafisa wa utawala kwa njia ya haraka, halali, ya busara na yenye utaratibu wa haki, na kuelezwa sababu kwa maandishi haki yake inapoathiriwa. Isitoshe, Sheria ya Usafiri wa Ndege ya 2013 iliunda baraza maalumu la kusikiliza rufaa za walioathiriwa na maamuzi ya KCAA. Mwenye shirika ana pa kulalamikia anapoona ameonewa. Abiria wa Lodwar, ambaye nauli yake hupanda masharti yakizidi na ambaye maisha yake huwa hatarini masharti yakilegezwa, hana kiti katika shauri baina ya mwenye shirika na halmashauri, na kanuni zinazojadiliwa humo zimeandikwa kwa Kiingereza.