Maji ya Mvua katika Mgodi Uliofungwa

Watu wengi hudhani kwamba mgodi ukishafungwa, pampu zikazimwa na mitambo ikaondolewa, hatari zake nazo zimekwisha. Kwa upande wa maji mambo ni kinyume kabisa. Mgodi unaofanya kazi una mafundi wa zamu, nao waweza kuuzibua mtaro hata usiku wa manane. Mgodi uliofungwa hauna mtu wa kuamshwa, na mvua huendelea kunyesha vilevile.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hekta moja huleta meta za ujazo 500 za maji, yaani lita 500,000. Msituni, sehemu kubwa ya maji hayo hukawizwa na majani na kunywewa na udongo. Lakini ardhi iliyoshindiliwa na malori kwa miaka mingi hufanana zaidi na paa la bati kuliko shamba, na karibu maji yote hutiririka. Kwa hiyo kipindi cha hatari kubwa ni kile kinachoanzia udongo unapokwisha kusawazishwa hadi nyasi zinapokamata mizizi.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kuirejesha ardhi si kupanda miti, ingawa miche ndiyo ipendwayo na wapiga picha. Kwanza huchimbwa mitaro upande wa mlimani ili maji yatokayo nje yasiingie kabisa katika eneo la mgodi. Maji yaangukayo ndani hupunguzwa kasi kwa matuta ya kontua, kisha huongozwa katika mifereji iliyotandikwa mawe hadi kwenye mabwawa ya kutuamisha tope, ndipo yaruhusiwe kuingia mtoni. Penye mawe yenye madini ya pairiti pana kazi ya ziada: pairiti ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfa. Mawe hayo hufunikwa kwa udongo wenye mteremko, maji yasipate pa kutuama.

Mahali penye hatari kuliko pote ni bwawa la topesumu, yaani tope la mawe yaliyosagwa na kukamuliwa madini. Mfano wa kusikitisha ni wa Merriespruit, karibu na mji wa Virginia, Afrika Kusini. Mwaka 1993 sehemu moja ya bwawa la mgodi wa dhahabu, lenye ukuta wa meta 31, iliachwa kutumika kwa sababu kimo cha akiba, yaani nafasi kati ya uso wa maji na ukingo, kilikuwa hakitoshi. Hata hivyo maji yaliyochanganyika na tope yaliendelea kumiminwa humo. Tope likajikusanya, likayasukuma maji mbali na mnara wa kuyatolea, yakaegemea ukuta wa upande wa makazi. Jioni ya tarehe 22 Februari 1994 ilinyesha mvua ya milimita 30 hadi 55 kwa muda wa nusu saa hivi. Maji yakapita juu ya ukuta, ukamomonyoka, na meta za ujazo zipatazo 600,000 za tope zikateremka juu ya nyumba. Watu 17 walikufa.

Huko Brumadinho, Brazil, bwawa lililovunjika tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270 lilikuwa halijapokea tope tangu mwaka 2016. Jopo la wataalamu lilitaja mvua nyingi iliyopenya mwilini mwake kuwa miongoni mwa sababu.

Baada ya maafa hayo kilitolewa kipimo cha kimataifa, mwezi Agosti 2020. Bwawa linalotumika, ambalo madhara ya kuvunjika kwake ni madogo, latakiwa lihimili mafuriko ambayo uwezekano wake ni 1 katika 200 kwa mwaka; lililofungwa na kuachwa bila uangalizi wa kudumu, 1 katika 10,000. Mwanafunzi atauliza: mbona lililoachwa latakiwa liwe imara zaidi? Jibu limo katika miaka. Mafuriko yenye uwezekano wa 1 katika 100 kwa mwaka yana nafasi ya asilimia 18 ya kuukuta mgodi unaodumu miaka 20. Kwa bwawa litakalokaa hapo miaka 100, nafasi hiyo hupanda hadi asilimia 63. Kwa mafuriko ya 1 katika 10,000, katika miaka hiyo 100, ni asilimia 1 tu.