Leseni Ipo Ukutani, Lakini Watoto Wangapi Wamo Chumbani?

Wengi wetu tunaoishi huku Marekani tunalea watoto bila bibi wala shangazi wa kupokezana naye. Baba anatoka boksi la usiku, mama anaingia zamu ya kutunza wazee saa moja asubuhi, na mtoto wa miezi minane lazima apelekwe mahali. Mahali penyewe ni deikea. Tukifika tunatazama mambo matatu: bei, umbali kutoka kazini, na leseni iliyotundikwa ukutani. Leseni ikionekana tunashusha pumzi, tunaacha mfuko wa nepi na chupa za maziwa, tunakimbilia kazini.

Tuizungumzie hiyo leseni. Ina mambo inayoyathibitisha, na ina mambo ambayo haiwezi kuyathibitisha hata kidogo.

Wakazi wa Houston, Texas, hawajasahau tarehe 24 Februari 2011. Nyumba moja iliyokuwa ikilea watoto kwa kibali cha jimbo iliungua moto mchana. Ndani mlikuwa na watoto saba, wote wadogo mno. Wanne walifariki na watatu wakajeruhiwa. Mahakama ilielezwa kwamba mwenye nyumba aliwaacha peke yao, jiko likiwa linawaka, akaenda dukani. Alikimbilia Nigeria, akakamatwa huko Machi mwaka huo huo, akarudishwa, na mwaka 2012 akahukumiwa kifungo cha miaka 80. Kibali alikuwa nacho. Mtu mzima ndani ya nyumba ndiye hakuwepo, na kibali hakiwezi kuzima jiko.

Tunalikumbusha tukio hili kwa sababu mfano wa aina ile ni nadra, lakini kilichouzaa si nadra. Watoto wengi wanaoumia kwenye vituo hawaumizwi na mtu katili. Wanaumia katika dakika ambazo hakuna jicho juu yao: mlezi mmoja kaenda kubadilisha nepi, mwingine kaitwa mapokezi, wa tatu hakuja kazini na hakuna aliyeletwa badala yake. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi liwe hili: mtu mzima mmoja anatazama watoto wangapi?

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Marekani haina idadi moja ya nchi nzima. Kila jimbo linajipangia. Kule Texas mlezi mmoja akiwa peke yake katika kituo chenye leseni anaruhusiwa watoto wachanga 4 walio chini ya mwaka mmoja. Wakifika miezi 18 idadi inaruka hadi 9. Wakiwa na miaka miwili ni 11, na wa miaka mitatu ni 15. Maryland, ambako Waswahili nao ni wengi, mlezi mmoja wa watoto wa miaka miwili haruhusiwi kuzidisha 6. Uingereza, kwa upande wa England, walikuwa 4, na tangu Septemba 2023 serikali imeruhusu 5. Hebu fikirieni watoto kumi na mmoja wa miaka miwili! Mama aliyelea mapacha anajua hesabu hiyo maana yake nini, na hiyo ni hesabu halali, hakuna aliyevunja sheria. Sisi tunaona ni nyingi mno. Sheria inaweka kiwango cha chini kabisa, kituo kinachojiheshimu hukaa juu yake, na mzazi ana haki ya kuuliza kituo chake kimesimama wapi.

Tena idadi hiyo isiulizwe saa nne asubuhi, wakati walimu wote wamefika na watoto wanapaka rangi. Ulizeni ya saa kumi na mbili asubuhi mlango unapofunguliwa, na ya saa kumi na moja na nusu jioni, walezi wengine wakiwa wameshaondoka na watoto wa rika mbalimbali wamekusanywa chumba kimoja. Wenzetu wanaofanya kazi hizi, na kina mama wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo wamo humo tele, wanajua kwamba hizo ndizo saa ngumu. Nyingine ni wakati wa kuhama: kutoka uwanjani kuingia ndani, kutoka ndani ya gari kuingia darasani. Hapo mtoto husahaulika nyuma ya bembea au kwenye kiti cha mwisho. Kituo kizuri hakihesabu vichwa tu, maana kichwa cha kumi kinaweza kuwa cha mtoto wa darasa jingine. Kinaita jina kwa jina, karatasi mkononi, kabla ya kutoka na baada ya kufika.

Suala la magari ni zito zaidi wakati wa joto. Kwa wastani watoto zaidi ya 35 hufa kila mwaka nchini Marekani kwa kuachwa au kujifungia ndani ya gari lenye joto. Wengi wao walisahauliwa na jamaa zao wenyewe, si na vituo, lakini vituo navyo vimo. Wisconsin ilipitisha sheria mwaka 2009 kwamba magari ya vituo yenye nafasi ya abiria sita au zaidi mbali na dereva yafungwe kengele inayomlazimisha dereva kutembea hadi nyuma kabisa ili kuizima. Kama kituo chenu kina gari, ombeni kuonyeshwa. Na muwekeane ahadi na mwalimu: mtoto asipofika kwa saa yake bila taarifa, apige simu mara moja. Simu hiyo imekwisha kuokoa watoto ambao baba alidhani keshawashusha.

Kuhusu usingizi wa wachanga, hapa tutasema na upande wetu pia. Kwetu mtoto hufunikwa kanga mbili na blanketi, analazwa ubavu au kifudifudi ili asipaliwe, na bibi akija kwa viza ya miezi sita huona ajabu kitanda cha deikea hakina hata mto. Si ubahili. Tangu madaktari wa watoto wa Marekani waanze kuhimiza mwaka 1992 kwamba mtoto alazwe chali, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Chali, godoro gumu, shuka iliyobana, basi. Mkimkuta mtoto wenu kalala ndani ya kiti cha gari kilichowekwa sakafuni, au mlezi amemfunika ili anyamaze, semeni siku hiyo hiyo.

Kusema, lakini, ndiko kunakotushinda. Mara nyingi mwenye kituo ni mwenzetu. Tunasali naye, tunachanga naye kwenye misiba, anatupunguzia bei, na wiki mshahara ukichelewa anavumilia. Utamuulizaje dada kama huyo ana watoto wangapi leo? Tutaonekana tunamchunguza. Matokeo yake tunajua zaidi habari za fundi wetu wa magari kuliko za nyumba anamoshinda mtoto saa tisa kwa siku. Na huyo dada akiwa makini, swali halimuudhi. Atafungua daftari la mahudhurio mwenyewe.

Wasioweza kumuuliza uso kwa uso, ziko njia. Sheria ya matunzo ya watoto ambayo Rais Obama aliitia saini Novemba 2014 inayataka majimbo yaweke matokeo ya ukaguzi kwenye intaneti, na yachunguze rekodi za walezi pamoja na alama za vidole. Tovuti ya childcare.gov itawapeleka kwenye ukurasa wa jimbo lenu. Andikeni jina la kituo, someni ripoti za nyuma. Msishtuke kwa kila kosa, maana mkaguzi huandika hata bomba la maji linalovuja. Tafuteni lile linalorudi: walezi pungufu Machi, walezi pungufu tena Septemba.

Wasomaji wetu wa nyumbani nao wasidhani haya hayawahusu. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana tangu 1981, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo hivyo visajiliwe. Dar es Salaam na Nairobi kina mama wengi sasa huwaacha watoto kwa jirani anayelea chumbani mwake, hana cheti, na anapokea kila anayeletwa kwa sababu anahitaji kila shilingi. Swali la kumuuliza ni lile lile.

Kwa walioko Texas, jambo moja la mwisho: kanuni za jimbo zinampa mzazi haki ya kuingia kituoni saa yoyote kinapofanya kazi, bila miadi. Pitieni siku moja mkitoka kazini mapema.