Geuza gari kabla ya kushusha chungu

WAHENGA walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msemo huo ni wa watu wa majahazi, lakini hata mwenye motakaa anaweza kuutumia, hasa yule anayepakia mke, watoto, magodoro na sufuria ili familia ikalale kambini wakati wa likizo.

Ubishi wa kwanza kambini aghalabu hauhusu bei ya kuni wala zamu ya kuteka maji. Huwa ni kuhusu gari lielekee wapi. Baba amefika akiwa hoi, jua linazama na watoto wanalilia chakula. Anaingiza gari moja kwa moja hadi mwisho wa uwanja aliopewa, anazima injini, na anapofungua mlango anamkuta mlinzi amesimama kando.

"Samahani, mzee. Hapa tunaingia kinyumenyume. Geuza gari, uso utazame njia."

Wengi hukasirika. Mtu amelipa pesa zake, uwanja ni wake kwa usiku huo, sasa mlinzi anamfundishia nini kuegesha? Hata hivyo, amri kama hiyo hupatikana katika kambi nyingi za ng'ambo, ambako watu husafiri kwa magari-nyumba, yaani magari yaliyojengewa vitanda, jiko na pengine hata choo. Hapa kwetu magari ya aina hiyo ni machache, lakini familia za mjini zinazofunga hema juu ya paa la gari zimekuwa zikiongezeka. Kwa hivyo ni vyema kujua sababu za amri hiyo kabla ya kufunga safari.

Njia ya Kwa Vonza

Chukua mfano wa barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Ukiipita Masii na Wamunyu, kisha ukivuka mto Athi, unaingia Kwa Vonza. Ni kituo kidogo cha biashara kilichopata jina kubwa kwa sababu ya wanafunzi, kwani bewa kuu la Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013, liko upande huo. Pia hupitia hapo wasafiri wanaokwenda kuliona jabali la Nzambani karibu na mji wa Kitui, lile ambalo hadithi husema mtu akilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume.

Nchi hii ni kame, na mito yake mingi ni ya mchanga. Kwa miezi kadhaa mto hauna tone la maji juu yake, na wenyeji huchimba visima mchangani ili wapate ya kunywa. Mgeni kutoka mjini akiuona mchanga ule mweupe, tambarare, usio na miiba, hudhani Mungu amemtandikia mkeka. Anashusha gari, uso ukielekea mtoni, na kuanza kupiga hema.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Mvua inaweza kunyesha mbali sana, katika vilima ambavyo hata havionekani, na maji yakafika usiku huku mbingu ya kambini ikiwa na nyota tele. Ukambani si mgeni wa misiba ya mito. Mnamo Desemba 2021, huko Mwingi katika kaunti hiyo hiyo ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya lilijaribu kuvuka mto Enziu uliokuwa umefurika, likazama. Zaidi ya watu 30 walifariki.

Kambi nazo hazikusazwa. Mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo zake katika Maasai Mara na kuzifurikia kambi zaidi ya kumi. Ilibidi baadhi ya wageni waokolewe kwa helikopta.

Kanuni ya kwanza basi ni kutolala mtoni wala ukingoni. Ya pili ni kuwa, hata ukiwa umelala mlimani, gari lako litazame njia ya kutokea. Usiku wa manane, mvua ikinyesha na watoto wakilia, hakuna dereva anayerudisha gari nyuma vizuri. Vioo vimejaa maji, taa za nyuma ni hafifu, na kisiki ulichokiona mchana sasa hukioni. Lakini gari lililotazama njia huhitaji ufunguo tu.

Mtoto nyuma ya tairi

Sababu ya pili huwagusa wazazi zaidi. Kila dereva aliyeingia kwa uso atalazimika kutoka kinyumenyume, na aliyeingia kinyumenyume atatoka kwa uso. Kazi ya kurudi nyuma haiepukiki. Swali ni ifanywe lini.

Unapofika, watoto wangali wamekaa garini. Uwanja ni mtupu, nawe umetoka kuupitia na kuuona. Lakini asubuhi ya kuondoka mambo ni tofauti kabisa. Watoto wametawanyika, huyu anatafuta kiatu na yule anafuata mpira hadi kwa jirani. Hema limekunjwa nusu na karai la vyombo liko chini. Mtoto wa miaka mitatu akichutama nyuma ya gari refu, dereva hamwoni katika kioo chochote. Afadhali basi kurudi nyuma watoto wakiwa ndani kuliko wakiwa nje.

Wanaolala katika mbuga wana jambo jingine la kufikiria. Katika Tsavo, inayopakana na Ukambani, ndovu huweza kupita karibu kabisa na mahema. Ukilazimika kuondoka, si vizuri uwe unakata kona tatu mbele ya mnyama kama huyo.

Mlango kwa mlango

Sababu ya tatu ni ya adabu. Waingereza huendesha magari upande wa kushoto kama sisi. Kwa hivyo gari-nyumba lililoundwa kwa ajili yao aghalabu huwa na mlango katika ubavu wa kushoto, ili abiria ashukie kando ya barabara. Wajerumani na Wafaransa huendesha kulia, na milango yao huwa kulia.

Magari yote ya mstari mmoja yakielekea upande mmoja, kila mlango hutazama mgongo wa jirani na kila familia hupata ua wake. Mmoja akigeuka, milango miwili hutazamana. Mama akitoka asubuhi amejifunga kanga akienda bafuni, anakutana ana kwa ana na baba wa jirani anayekunywa chai. Ndiyo maana mwenye kambi hodari huuliza kwanza mlango wa gari lako uko ubavu gani.

Pamoja na hayo kuna moto. Huko Uingereza, kanuni za mfano zilizotolewa na serikali kwa ajili ya kambi hizo hudai nafasi ya mita 6 kati ya gari-nyumba moja na jingine, ili moto usiruke kutoka hapa hadi pale. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya mabondeni na chini ya magari. Hata kambini kusikokuwa na mistari, pima hatua sita ndefu za mtu mzima kabla ya kupiga hema karibu na jirani. Usiache injini ikinguruma huku bomba la moshi likielekea hemani kwa mtu. Moshi huo una sumu isiyo na harufu, na aliyelala hawezi kuikimbia.

Jua na upepo

Upo pia ustadi wa kujistarehesha. Ukambani upepo mwingi hutoka mashariki. Mwaga vumbi kidogo kutoka kiganjani uone linakokwenda, kisha uweke jiko upande huo, mbali na hema. Jua la alasiri huchoma sana, kwa hivyo anayetaka kivuli wakati huo akae upande wa mashariki wa gari lake. Na kama ardhi imeinama, kichwa kilale juu na miguu chini.

Kivuli kikigongana na njia ya kutokea, chagua njia. Jua litakuchoma kwa saa mbili tu, lakini gari lililokwama usiku wa mafuriko halina dawa. Aidha, amri yenyewe isifuatwe kama kipofu. Penye udongo mweusi, ambao mvua huugeuza kuwa gundi, usirudishe gari hadi bondeni eti kwa sababu sheria inataka uso utazame njia. Mwombe mlinzi uwanja ulioinuka.

La kufanya ukifika

Fika kabla ya giza. Simamisha gari njiani, shuka, uukague uwanja kwa miguu: visiki, mawe, mashimo na matawi ya juu. Waache watoto garini na mtu mzima. Mwingine asimame nyuma, kando, mahali dereva anapomwona katika kioo, amwongoze kwa mkono na kwa sauti kama tanboi wa lori: "Kuja! Kuja! Hapo!" Dereva asipomwona, asimame papo hapo. Vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya tairi kama pana mteremko, kisha uweke ufunguo mahali ambapo baba na mama wote wanapajua.

Hayo yote huchukua dakika kumi. Yakishakamilika, watoto na washuke, na chungu kiteremshwe.