Singe ya 1907 Ilitengenezwa Mwaka Gani?

Mtu anayeshika singe kuukuu ya Kiingereza kwa mara ya kwanza hutafuta tarakimu, na mara nyingi anachokiona upesi ni 1907. Hapo huamini kwamba ameshaujua umri wa silaha yake. Lakini 1907 ni jina la muundo tu. Singe ya muundo huo iliyotoka kiwandani mwaka 1918 imechapwa 1907 sawasawa na ile ya mwaka 1909. Yeyote anayetaka kuzisoma silaha hizi lazima aanze na jambo hili, maana singe moja inaweza kubeba miaka mitatu au minne, na kila mwaka unajibu swali lake.

Muundo wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya bunduki. Waingereza walikuwa wamefupisha Lee-Enfield, na singe iliyoifuata kwanza, ya 1903, ilikuwa na bapa la inchi 12 tu. Ikahofiwa kwamba askari wao angezidiwa urefu na adui katika mapambano ya ana kwa ana. Wakaitazama singe ya Kijapani ya bunduki ya Arisaka, wakachukua bapa refu la inchi 17, yaani kama sentimita 43, pamoja na ndoano kwenye kikingio cha mkono.

Chomoa singe kwenye ala, utazame sehemu nene ya bapa iliyo karibu na mpini. Upande mmoja, juu kabisa, kuna taji, na chini yake herufi za mtawala: ER ni Edward wa Saba, aliyetawala 1901 hadi 1910, GR ni George. Hapa pana mtego, kwa kuwa George wa Tano na George wa Sita wote walitumia GR. Kisha huja 1907, na karibu nayo tarakimu ndogo ambazo wengi huziruka, kwa mfano 5 17. Hizo ndizo tarehe ya kutengenezwa: mwezi wa tano, mwaka 1917. Chini yake ni mtengenezaji: Wilkinson wa London, Sanderson na Chapman wa Sheffield, Mole wa Birmingham, au EFD kwa kiwanda cha serikali cha Enfield. Remington ni ya Marekani, iliyopewa kazi hiyo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Upande wa pili umejaa alama ndogondogo, nao ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu unaeleza maisha ya singe baada ya kuzaliwa. Mshale wenye mistari mitatu unasema kwamba ni mali ya serikali. Alama ya X inaonyesha kuwa bapa lilipindwa kwa majaribio likarudi kunyooka. Taji dogo lenye namba na herufi chini yake ni mhuri wa mkaguzi. E humaanisha alikuwa wa Enfield. Ukikuta mwaka mwingine, tuseme 24, singe ilirudi karakana, ikakarabatiwa na kutolewa tena mwaka 1924. Mishale miwili iliyogusanishwa ncha kwa ncha inamaanisha kwamba jeshi limeiuza au kuiondoa kazini.

Alama zikishasomwa, zipimwe na umbo. Ndoano iliondolewa mwaka 1913, na nyingi zilizokuwa nazo zilikatwa ziliporudi karakana. Kwa hiyo zilizobaki na ndoano ni adimu na zina bei kubwa, jambo linalowavuta walaghai. Singe iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1917 lakini ina ndoano, mimi nisingeinunua. Tundu dogo la kutolea uchafu kwenye kichwa cha mpini liliongezwa mwaka 1916. Singe ya 1911 yenye tundu hilo ilipitia mikononi mwa fundi baadaye.

Dola lilikuwa kubwa, na mihuri yake ilitofautiana. Mshale ndani ya C ni Kanada. Ndani ya U ni Afrika Kusini. Lithgow ni kiwanda cha Australia. RFI ni Ishapore, India, ambako katika Vita vya Pili mabapa marefu yalikatwa yakabaki inchi 12. Singe za aina hii zilifika pia Afrika Mashariki pamoja na bunduki zake, zikatumiwa na askari wa King's African Rifles, na herufi KAR kwenye chuma cha mpini ni ushahidi wenye thamani kwa historia yetu. Ala isikudanganye: ina tarehe zake, na mara nyingi ilibadilishwa na kuvikwa singe nyingine.

Ukipata singe kuukuu, usiipige msasa. Mihuri hii haina kina kirefu, na dakika chache za kung'arisha hufuta ushahidi usiorudi. Ipake mafuta mepesi, ifute kwa kitambaa laini, iangaze kwa mwanga wa pembeni, kisha uandike kila alama ya pande zote mbili kabla ya kumtajia mtu mwaka wake.