Nguzo imevaa kofia, miguu je?

HEBU vuta picha. Umehangaika weee, hatimaye kibanda chako pale Kasulu au Kibondo kimesimama. Bati jekundu, geti jeusi, na juu ya kila nguzo ya uzio kuna kikofia cha shaba kinachong'aa hadi wapita njia wanageuza shingo. Raha iliyoje!

Sawa, mshikaji. Lakini kabla hujavunja kibubu, tuulizane: kile kikofia kazi yake nini hasa?

Jibu ni mvua. Kwenye nyanda hizi za Kigoma mvua huanza kunyesha Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Nguzo ya mti hunywa maji zaidi pale juu ilipokatwa, maana mishipa yake iko wazi kama mirija. Ikilowa, kisha jua likaichapa, kichwa kinapasuka. Ufa ukishaingia, kuoza kunashuka taratibu. Kofia inaziba mlango huo.

Ila kofia haimzuii mchwa. Yule bwana anakuja kutokea chini! Kwa hiyo anza na miguu: nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa, au mti mgumu kama mninga ulionunuliwa kihalali. Kuvalisha shaba nguzo inayoliwa chini ni sawa na kuvaa tai bila suruali. Na kama uzio wako ni wa minyaa, ule wa wazee wetu, sahau habari ya kofia. Mnyaa uko hai, unataka kuchipua. Wewe ukate tu, ila linda macho, utomvu wake ni mkali.

Sasa umeamua lazima shaba. Pima nguzo kwanza, halafu ndipo umwone fundi bati. Kofia iwe na mgongo, isiwe bapa, maji yasituame. Izidi nguzo kidogo kila upande ili matone yadondoke pembeni.

Usiingizwe mjini! Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Ikinata, umeuziwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Isiponata, kwaruza kidogo upande wa ndani. Ukiona weupe, hiyo si shaba.

Misumari nayo ina mambo yake. Ya chuma ikigusana na shaba penye unyevunyevu huliwa upesi. Tumia ya shaba, au bandika kwa silikoni. Jambo hilohilo hutokea kwenye seng'enge: maji yanayochuruzika kutoka kwenye shaba hula ile zinki inayoikinga, na kutu haikawii. Kama uzio wako ni wa seng'enge, heri kofia ya bati.

Kuhusu matunzo, usishtuke shaba ikigeuka kahawia, na baada ya miaka mingi ikawa kijani. Haijaoza. Ile Sanamu ya Uhuru ya New York ilizinduliwa mwaka 1886 ikiwa na rangi ya shaba, leo ni ya kijani na bado imesimama. Utando ule ndio koti lake. Ukitaka mng'aro, sugua kwa limau na chumvi, suuza vizuri, kausha, halafu paka vanishi isiyo na rangi. Usitumie steliwaya. Inaacha vipande vya chuma, kesho unaona madoa ya kutu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wanapolia. Shaba ni pesa. Mei 2024 tani moja ilivuka dola 10,000 kwenye soko la London. Ndiyo maana nyaya za umeme na za simu hukatwa usiku na kuuzwa kama vyuma chakavu. Kijana akikuletea shaba ya bei ya kutupa, haina risiti, jiulize imetoka wapi. Kupokea mali ya wizi huku unajua ni kosa la jinai. Utalala ndani kwa ajili ya urembo wa uzio, na mtaa mzima unaweza kuwa gizani kwa sababu ya hiyo hiyo shaba yako!

Na ukiinunua kihalali, jua kwamba wapo wanaoikodolea macho. Weka mbili tu za getini, pale taa inapomulika, zikazwe barabara. Nguzo nyingine zivalishe bati lililopakwa rangi. Mvua haijui tofauti. Kama mfuko umetoboka kabisa, kata kichwa cha nguzo mshazari, paka rangi ya mafuta, maji yateleze.

Uzio wenye heshima ni ule utakaokuwa bado wima masika ya mwaka wa kumi. Haya, kazi kwako!