MKOBA WA ASKARI NYUMBANI KWETU

Askari vitani huchukua mkoba mdogo wa kuzuia damu. Mwaka 1882 daktari wa jeshi la Ujerumani, Friedrich von Esmarch, alianzisha mjini Kiel mafunzo ya kuwapa raia elimu hiyo. Nasi twaihitaji. Panga likimkata mtu katika mikorosho, damu yaweza kumwishia kabla hajafikishwa hospitali ya Newala, au Mkomaindo kule Masasi.

Katika mkoba huo mimi naacha sindano, kwani hiyo ni kazi ya daktari. Nachukua vitu vitatu: kitambaa safi, bendeji, na mkanda wa kukaza. Kwanza gandamiza jeraha kwa nguvu. Damu ya mkono au mguu isipokoma, kunja kanga kwa upana wa vidole vitatu, ufunge kati ya jeraha na kiwiliwili, lakini si penye kiungo. Tia kijiti, kizungushe hata damu ikome, kisha kifunge kisilegee. Andika saa. Mgonjwa atalia kwa maumivu, lakini usifungue, mwachie daktari.

Kanga kuukuu na kijiti si ghali. Kila darasa na kila nyumba iviweke tayari.